Nyumba Bila Ardhi Mtandaoni: Funzo la Programu ya Xen

Mwenyeji wa Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mabati ni yako, milango umeitia kwa pesa zako, lakini kiwanja ni cha mtu mwengine na wewe humlipa kodi ya ardhi. Mambo huenda sawa miaka na mikaka. Siku mwenye kiwanja akifariki na warithi wakauza, au akaja mnunuzi mwenye haraka zake, ndipo mtu anapojua kwamba alichokuwa nacho ni nusu ya mali tu.

Makubaliano ya namna hiyo yameingia pia katika mambo ya kompyuta, na wengi wetu tumo ndani yake bila kujua. Rekodi za chama cha akiba na mikopo, matokeo ya mitihani ya shule, orodha ya wagonjwa wa kliniki, hesabu za duka la jumla: aghalabu vitu hivi havikai tena katika kompyuta iliyo chini ya meza ya karani. Vinakaa katika seva ya kukodi, mahali panapoitwa "wingu". Data ni yetu. Je, kiwanja ni cha nani?

Ili kulijibu swali hilo, leo nataka tuitazame programu moja ambayo wengi hawajapata kuisikia, ingawa huenda wameitumia mara nyingi kupitia mitandao waliyoingia. Jina lake ni Xen. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu tangu mwaka wa 2003. Kampuni iliyoanzishwa na waasisi wake ilinunuliwa, wateja wakubwa walihama, mpinzani mwenye nguvu alizaliwa, na bado Xen ipo na inafanya kazi. Haikudumu kwa uhandisi mzuri peke yake. Imedumu pia kwa sababu watu walikaa chini wakakubaliana: nani anaamua, nani anaambiwa siri, nani analipa, na anayetaka kuondoka anaondoka na nini.

Mwenye nyumba asiyeonekana

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Chukua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Kila mpangaji ana chumba chake, kufuli yake na mambo yake. Maji yanatoka tangi moja na umeme ni wa mita moja. Ili watu waishi kwa amani lazima awepo mtu wa kugawa, wa kuamua nani anapata chumba kipi, na wa kuhakikisha kwamba wa chumba cha pili haingii cha tatu.

Seva ni nyumba hiyo. Ni kompyuta yenye nguvu nyingi, yenye prosesa, kumbukumbu na diski kuliko anavyohitaji mteja mmoja. Programu inayoitwa haipavaiza hukaa chini kabisa, moja kwa moja juu ya chuma, na kuigawa seva moja iwe kompyuta nyingi. Kila moja ya hizo huitwa mashine pepe. Katika moja utaweka Windows, katika nyengine Linux, na kila moja itajiona kwamba iko peke yake. Jina haipavaiza limetokana na neno la zamani la wahandisi: mfumo endeshi waliuita msimamizi, na programu iliyo juu ya mifumo endeshi ikawa msimamizi wa wasimamizi.

Bila ya programu hii hakuna wingu. Kampuni ya kukodisha seva isingeweza kukupa kipande kidogo cha mashine kwa bei nafuu. Ingebidi ukodi mashine nzima.

Lakini faida hiyo inakuja na amana nzito. Kuta za vyumba ni haipavaiza. Kukiwa na tundu katika ukuta, jirani asiyekujua wala usiyemjua anaweza kusoma mambo yako, na mlinzi wa mlangoni hataona kitu, kwa sababu mwizi huyo ni mpangaji halali. Ndiyo maana suala la nani anaitunza programu hii, na kwa utaratibu gani, linamhusu hata mtu ambaye hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Wazo lenyewe si la jana. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi katika miaka ya 1960 kwenye kituo chake cha Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, na mwaka wa 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali mno, ikabidi watu wagawane. Baadaye zikaja kompyuta ndogo za bei ya chini, kila afisi ikanunua yake, na wazo hilo likabaki kwa wenye mashine kubwa tu.

Lilipohitajika tena, kukawa na tatizo. Prosesa za Intel na wenzake, zilizokuwa zimeenea dunia nzima, hazikuundwa kwa ajili ya kugawanwa. Baadhi ya amri zake zikitolewa na programu isiyo na idhini hazitoi taarifa yoyote kwa msimamizi. Zinafanya kitu chengine kimyakimya. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka wa 1998, ilipata njia ya kuzitafsiri amri hizo papo hapo, na ikaiuza programu yake kwa msimbo uliofungwa.

Kazi ya chuo

Cambridge nyengine, ile ya Uingereza, ikaja na njia tafauti. Katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Ian Pratt na wenzake, akiwemo Keir Fraser, walikuwa na mradi wa kujenga seva zilizotawanyika ambazo mtu yeyote angeweza kukodi sehemu yake. Walihitaji haipavaiza. Badala ya kumdanganya mpangaji kwamba yuko peke yake, waliamua kumwambia ukweli. Waliurekebisha mfumo endeshi wa Linux ili ujue kwamba unakaa ndani ya mashine pepe, na kila ukihitaji jambo kubwa uombe kwa haipavaiza badala ya kutoa amri moja kwa moja.

Mbinu hiyo iliondoa kazi ngumu ya kutafsiri na kuipa programu kasi kubwa. Mwaka wa 2003 wakaeleza kazi yao katika makala ya kitaaluma na kuitoa Xen kwa umma. Lengo walilojiwekea lilikuwa kuendesha mpaka mashine pepe 100 katika seva moja ya wakati huo. Kuanzia mwaka wa 2005 na 2006, Intel na AMD zilianza kutoa prosesa zenye msaada wa kugawana ndani ya chuma chenyewe, na Xen ikaweza kubeba hata Windows isiyorekebishwa.

Jambo lililoamua mustakabali wa Xen ni leseni waliyochagua, yaani GPL toleo la 2. Masharti yake kwa ufupi ni haya: yeyote anaweza kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na hata kuiuza. Lakini ukimpa mtu mwengine toleo ulilolibadilisha, lazima umpe na msimbo wake, kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Huwezi kuchukua cha wote ukakizungushia ua. Ina mwanya mmoja ambao ni vyema tuujue: anayeiendesha kwenye seva zake mwenyewe na kukodisha huduma tu hahesabiwi kuwa amempa mtu programu. Kwa hivyo kampuni ya wingu inaweza kuibadilisha kwa matumizi yake bila ya kulazimika kuonyesha ilichobadilisha.

Kampuni iliuzwa, programu ikabaki

Amazon ilipozindua huduma yake ya kukodisha seva iitwayo EC2 mwaka wa 2006, ilikuwa imejengwa juu ya Xen. Kazi ya chuo ikawa msingi wa biashara kubwa. Waasisi nao walikuwa wameanzisha kampuni yao, XenSource, na mwaka wa 2007 kampuni ya Citrix ya Marekani ikainunua kwa takriban dola milioni 500.

Hapa ndipo mwenye nyumba bila ardhi angeshika moyo wake. Mwenye kiwanja amebadilika. Je, mnunuzi mpya hatafunga mlango na kupandisha kodi?

Hakuweza, hata kama angetaka, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni leseni niliyoieleza. Ya pili wengi huisahau: msimbo wa Xen haukuwa wa XenSource peke yake. IBM, Intel, AMD, Hewlett-Packard, Novell, Red Hat na wengine walikuwa wameandika sehemu zake, na kila mmoja alibaki na hakimiliki ya sehemu yake. Kubadilisha leseni kungehitaji ridhaa ya wote. Sisi tunaujua mfano huo vizuri. Kiwanja cha mirathi chenye warithi 40 huwa vigumu sana kuuzwa, maana sahihi ya mmoja haitoshi. Katika ardhi jambo hilo mara nyingi ni balaa la kupelekana kortini. Katika programu huria, ni kinga.

Citrix ilikubali pia kuwepo kwa bodi ya ushauri yenye kampuni nyengine ndani yake, hata wapinzani wake. Ilijua kwamba thamani ya ilichonunua imo katika watu wanaoendelea kukijenga, na watu hao wangeweza kuondoka na msimbo wao siku yoyote.

Ugomvi na jirani

Tusije tukadhani mambo yalikuwa shwari. Mwaka huohuo wa 2007, mwezi wa Februari, Linux ilipokea ndani ya kiini chake haipavaiza nyengine iitwayo KVM, iliyobuniwa katika kampuni changa ya Qumranet. KVM ilifuata njia rahisi. Ilitegemea msaada wa prosesa mpya, na ikaigeuza Linux yenyewe kuwa haipavaiza. Kila aliyekuwa na Linux mpya alikuwa nayo tayari.

Xen kwa upande wake ilihitaji Linux iliyorekebishwa kwa ajili ya ile mashine pepe ya kwanza, yenye idhini ya kuongoza vifaa kama diski na mtandao. Marekebisho hayo kwa miaka mingi yalikaa nje ya Linux rasmi, kama kibanda kilichoegemezwa kwenye nyumba ya watu. Kila toleo jipya la Linux lilipotoka, mtu alilazimika kuvihamisha viraka hivyo kwa mkono. Watunzaji wa Linux hawakuvikubali vilivyokuwa, na kuviandika upya ili vikubalike kukachukua muda. Kazi hiyo ilikamilika mwaka wa 2011, Linux ilipofikia toleo la 3.0.

Gharama ya kuchelewa ilikuwa kubwa. Red Hat, iliyokuwa imeweka Xen katika toleo la 5 la mfumo wake, iliinunua Qumranet mwaka wa 2008, na toleo la 6 lilipotoka mwaka wa 2010 likaja na KVM mahali pa Xen. Mradi ulikuwa na wahandisi hodari lakini haukushughulikia mapema uhusiano na majirani uliowategemea. Ilibidi watu wa Xen wajifunze kwamba katika mali ya wote, kukubaliana na wenzako ni sehemu ya kazi kama ilivyo kuandika msimbo.

Wakfu wenye utaratibu

Mwezi wa Aprili 2013, Xen ilihamia chini ya Linux Foundation, taasisi ya Marekani isiyo ya faida inayolea miradi ya programu huria. Miongoni mwa waliojiunga kuichangia ni Amazon, AMD, Cisco, Citrix, Google, Intel, Oracle na Samsung. Baadhi yao ni mahasimu wakubwa sokoni. Walikubali kukaa meza moja kwa sababu meza hiyo haikuwa tena ya mmoja wao.

Watu wa Pwani tuna neno la karibu na jambo hili: wakfu. Mali imetolewa kwa manufaa ya watu, haiuzwi, ina msimamizi, na masharti ya mtoaji yanafuatwa. Hukumu zake si sawa na za leseni ya programu, hilo lieleweke. Lakini tunajua pia, kutokana na mali tulizoziona zikipotea, kwamba nia njema ya mtoaji haitoshi ikiwa usimamizi ni mbovu. Basi tuutazame usimamizi wa Xen.

Mradi una ngazi. Yeyote duniani anaweza kuwa mchangiaji: anaandika kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, na kukituma hadharani ambapo kila mtu anakiona. Lazima atie jina lake chini kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa alichoandika. Juu yake wapo watunzaji, kila mmoja na sehemu yake: mwengine kumbukumbu, mwengine prosesa za aina fulani. Majina yao yameorodheshwa katika faili iliyo wazi ndani ya msimbo wenyewe. Kiraka hakiingii mpaka kipitiwe na mtunzaji wa sehemu hiyo. Juu ya watunzaji wapo wachache wenye ufunguo wa ghala, ambao ndio wanaokiingiza. Hata hapo safari haijesha. Msimbo huingia kwanza katika ghala la majaribio, mashine zinaujaribu zenyewe, na ukifaulu ndipo unapohamishiwa ghala kuu.

Mtu hupanda ngazi kwa kazi yake iliyoonekana na kwa kuaminiwa na wenzake. Hakuna anayenunua cheo cha kiufundi. Kampuni zinazotoa fedha zina bodi yao, nayo inashughulikia bajeti, mashine za majaribio na kutangaza mradi. Haina kauli juu ya kiraka gani kiingie. Hapo ndipo ulipo ukuta baina ya mwenye pesa na mwenye uamuzi.

Na uamuzi wenyewe hufikiwaje? Mambo ya kila siku huenda kwa kanuni ya kunyamaza ni kukubali: ukitoa pendekezo na wahusika wasipinge kwa muda wa kutosha, limepita. Likiwa zito, watu hupiga kura kwa alama kutoka +2 mpaka -2. Mwenye kutoa +2 anasema ameridhika na yuko tayari kulitetea pendekezo. Wa +1 ameridhika lakini hatalipigania. Sifuri ni asiye na maoni. Wa -1 hapendi lakini hatasimama njiani. Wa -2 hapendi, na atatoa hoja za kupinga.

Nimeipenda mizani hiyo. Katika kamati zetu nyingi, za mtaa, za shule, za vyama, mtu ana njia mbili tu: kuinua mkono au kutoinua. Hatujui nani amekubali kwa shingo upande na nani ana hoja nzito. Matokeo yake mkutano unamalizika kwa makofi na ugomvi unaanza nje mlangoni.

Nani aambiwe siri?

Mtihani mkubwa wa usimamizi ni siku tundu linapoonekana ukutani. Ukitangaza mara moja, wezi watajua pamoja na wenye nyumba. Ukificha, wapangaji wanalala milango wazi. Ukiwaambia matajiri tu, umewafanya wadogo kuwa chambo.

Xen ina timu ya usalama inayopokea taarifa za kasoro kwa faragha. Timu ikishatengeneza kiraka, huwaarifu kwanza walio katika orodha maalumu: kampuni zinazokodisha seva kwa umma, wanaosambaza programu hiyo, na wenye kuitumia kwa wingi. Kwa kawaida hupewa wiki mbili za kujiandaa kabla ya tangazo la wazi kwa dunia nzima. Tangazo hilo hupewa namba na hubaki mtandaoni ili kila mtu alisome.

Swali lililozua mjadala mrefu ni nani awe katika orodha hiyo. Mwanzoni watoa huduma walioingia ni wale wakubwa. Baada ya kasoro moja nzito ya mwaka wa 2012 iliyoonyesha udhaifu wa utaratibu, jamii ya Xen ilijadili hadharani na kubadilisha sera. Sasa mtoa huduma hahukumiwi kwa ukubwa wake. Anayetoa huduma ya kweli kwa umma, kwa malipo au bure, anaweza kuomba. Na orodha ya waliomo imechapishwa. Kinachofichwa ni tundu kwa siku chache. Wanaoijua siri wanajulikana.

Utaratibu huo ulipimwa mwaka wa 2014. Mhandisi wa kampuni ya SUSE ya Ujerumani aligundua kasoro iliyopewa jina XSA-108, ambayo ingemwezesha mpangaji mmoja kusoma kumbukumbu ya mwengine au ya haipavaiza yenyewe. Mwishoni mwa Septemba, wateja wa Amazon walianza kuarifiwa kwamba mashine zao zingezimwa na kuwashwa, bila ya kuelezwa kwa undani kwa nini. Chini ya asilimia 10 ya seva za EC2 ziliguswa. Tarehe 1 Oktoba tangazo likatoka, na walio katika orodha walikuwa wamepata nafasi ya kuziba tundu.

Lakini msimbo kuwa wazi si hirizi. Mwezi wa Oktoba 2015 ilitangazwa kasoro nyengine, XSA-148, iliyogunduliwa na mtafiti wa kampuni ya Alibaba ya Uchina. Ilimwezesha mpangaji wa aina fulani ya mashine pepe kuitawala seva nzima. Ilikuwa imo ndani ya Xen tangu toleo la 3.4 la mwaka wa 2009. Kwa zaidi ya miaka 6 msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu na hakuna aliyeripoti. Kuruhusiwa kutazama si sawa na kutazama. Lazima awepo mtu anayelipwa, au aliyejitolea, kukaa na kuusoma.

Mlango wa kutokea

Mwaka wa 2017 Amazon ilianza kutumia haipavaiza mpya iliyojengwa juu ya KVM kwa seva zake mpya. Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa anahama. Mwezi wa Disemba mwaka huohuo, Citrix iliondoa baadhi ya uwezo katika toleo la bure la XenServer, bidhaa yake iliyojengwa juu ya Xen. Aliyekuwa akitumia bure hakuweza tena kuunganisha zaidi ya seva 3 katika kundi moja.

Hapa ndipo leseni ilipofanya kazi yake. Kampuni ndogo ya Kifaransa iitwayo Vates, ya mjini Grenoble, ilichangisha fedha mtandaoni mapema mwaka wa 2018, ikauchukua msimbo huria, na mwezi wa Machi ikatoa toleo lake liitwalo XCP-ng, bila ya vizuizi hivyo. Hakuna aliyeshtakiwa, wala hakuna aliyeomba ruhusa. Baadaye XCP-ng nayo ikaingia chini ya mwavuli wa mradi wa Xen. Citrix yenyewe imenunuliwa na wenye mitaji mwaka wa 2022, na Xen haikutetereka.

Linganisha na yaliyowapata wateja wa VMware, yenye msimbo uliofungwa. Mwezi wa Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua. Mwezi uliofuata ilisitisha kuuza leseni za kudumu, kila mtu akatakiwa alipe kwa muda. Mwezi wa Februari 2024 toleo la bure la haipavaiza yake likaondolewa, na likarudi mwaka wa 2025 baada ya malalamiko na wateja kutafuta pengine. AT&T, kampuni ya simu yenye mawakili na pesa, ilikwenda mahakamani mwaka wa 2024 kudai huduma iliyoamini ina haki nayo, na shauri likaisha kwa maelewano. Kama AT&T ilihitaji korti, zahanati ya Kilifi au chuo cha Kwale kingefanya nini? Wangelipa, au wangehama usiku usiku.

Na sisi je?

Mombasa ndiko nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikotua mwaka wa 2009, na tangu hapo nchi nzima imezoea kutumia seva zilizo mbali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, hata kama amezikodishia mahali. Ukivuja ukuta, jibu la "ni seva ya wenyewe" halitakuokoa.

Kwa hivyo kamati ya chama, bodi ya shule au afisi ya kaunti inapotaka kusaini mkataba wa seva, iulize mambo manne. Haipavaiza inayotumika ni ipi, na msimbo wake uko wazi au umefungwa? Kasoro ikigunduliwa, mtoa huduma anaarifiwa kabla ya tangazo au anasoma pamoja na wezi? Tukitaka kuhama, tutapewa mashine pepe zetu katika muundo unaofunguka kwengine, na kwa muda gani? Na kampuni ikiuzwa au bei ikipanda, mkataba unasema nini? Atakayeshindwa kujibu hayo kwa maandishi, asipewe rekodi za watu.

Sisemi kila mtu akimbilie programu huria kwa kuwa ni bure. Leseni ni bure. Mtu wa kuisimamia si bure, umeme si bure, na kuitengeneza saa nane za usiku si bure. Chama kisicho na fundi wa kuaminika ni afadhali kilipie huduma kuliko kujifungia chumbani na mashine kisiyoijua.

Lakini fundi huyo tunaweza kumlea wenyewe. XCP-ng inaweza kuwekwa kwenye seva kuukuu ya maabara ya chuo cha ufundi, na mwanafunzi wa diploma akajifunza kugawa mashine, kuhamisha mashine pepe ikiwa inaendelea kufanya kazi, na kurudisha data iliyopotea. Akiona kosa katika maelezo au katika msimbo, anaweza kutuma kiraka. Kitapitiwa kama kinavyopitiwa cha mhandisi wa Intel, kwa kutazamwa kimeandikwa nini, na ataambiwa hadharani palipo na kasoro arekebishe. Walimu wa vyuo vyetu wanaosoma haya, seva hizo kuukuu mnazo stoo. Zitoeni.